Je, wajua kipimo cha damu cha herpesi hakitafuti kirusi?

Mgonjwa anayefika Tumbi, Kibaha, au hospitali ya wilaya ya Kisarawe akiwa na kidonda sehemu za siri, mara nyingi hutibiwa kwa kufuata dalili. Mhudumu hutazama kidonda, akampa dawa za kaswende na za magonjwa yanayofanana nayo, na asaiklovia, dawa ya herpesi, panapoonekana malengelenge.

Kupima damu ni habari nyingine. Kirusi cha herpesi aina ya pili, HSV-2, hakikai kwenye damu. Kikishaingia kupitia ngozi laini, hufuata mishipa ya fahamu hadi karibu na uti wa mgongo, chini ya kiuno, na kubaki humo maisha yote. Kwa hiyo maabara hutafuta kingamwili, hasa zile zinazokabili glikoprotini G ya kirusi, kwani hiyo ndiyo hutenganisha HSV-2 na HSV-1, ndugu yake wa vidonda vya midomo. Kingamwili hizo huchukua wiki kadhaa kujitokeza, hata miezi mitatu. Mwenye kidonda cha wiki iliyopita anaweza kuambiwa hana maambukizi. Na mwenye kingamwili za miaka kumi anaweza leo kuwa na kidonda cha kaswende.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni majibu chanya yasiyo sahihi. Kwenye vipimo vingi mashine hutoa namba, na mwenye namba kuanzia 1.1 huhesabiwa ana maambukizi. Watafiti wa Rakai, Uganda, waliona mpaka huo ukiwahesabu watu wengi wasio na kirusi, hasa wenye namba za chini. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani nayo ilitoa onyo kuhusu majibu ya namna hiyo. Namba ya 1.5 haina uzito wa 8, na anayepewa majibu ana haki ya kuonyeshwa namba yake.

Uzito wa jambo upo: HSV-2 huongeza hatari ya kupata VVU takriban mara tatu. Wanawake wa baa na nyumba za wageni kaskazini magharibi mwa Tanzania waliokutwa na kingamwili hizo walipewa asaiklovia miligramu 400 mara mbili kwa siku ili kuona kama hatari hiyo ingepungua; matokeo ya 2008 yalionyesha haikupunguza maambukizi ya VVU.

Wengi wenye HSV-2 hawajawahi kuona lengelenge. Ndiyo maana mume na mke wenye majibu tofauti wasianze kulaumiana: hakuna namba inayosema kirusi kiliingia mwaka gani, wala kilitoka kwa nani.