Mfadhili analipa sare, mzazi bado ana kazi

Fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza ikifika nyumbani, hesabu huanza usiku huohuo. Sare jozi mbili, viatu vyeusi, sweta, madaftari, godoro, shuka, ndoo, mchango wa chakula.

Ada haimo kwenye hesabu hiyo. Serikali iliifuta katika shule za umma hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 ikaifuta pia kwa kidato cha tano na cha sita. Lakini kwa mtoto anayelelewa na bibi anayeuza ndizi, hivyo vitu vingine vinatosha kumbakiza nyumbani.

Ndipo siku moja mlezi anaitwa ofisini kwa mchungaji, au mzee wa kanisa anapita na habari njema: kuna usharika wa Marekani au Ujerumani unaosomesha vijana wenye shida, na jina la mwanao limependekezwa. Furaha inakuwa kubwa. Maswali yanakuwa machache, maana nani aulize wakati kinachotarajiwa ni shukrani?

Makala haya ni ya mlezi huyo. Ufadhili wa namna hii unasaidia, na zipo tafiti za kuthibitisha. Ila tafiti hizo pia zinaonyesha mahali msaada wa pesa unapoishia, na hapo ndipo mzazi anapohitajika zaidi.

Kutoka Minnesota hadi Iringa

Mfano unaojulikana nchini ni wa Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Tangu mwaka 1987 dayosisi hiyo ina uhusiano na Walutheri wa eneo la Saint Paul, jimbo la Minnesota, Marekani. Uhusiano huo unaitwa Bega kwa Bega, na hata Wamarekani wenyewe wanauita kwa jina hilo la Kiswahili.

Utaratibu wake ni wa usharika kwa usharika. Waumini wa kule wanaunganishwa na waumini wa huku, wanaombeana, wanatembeleana, na pamoja na kazi nyingine wanachangia masomo ya sekondari kwa vijana ambao familia zao hazina uwezo.

Mkoa wenyewe unaeleza kwa nini vijana wa aina hiyo ni wengi. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022/23 ulionyesha kuwa maambukizi kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4. Iringa ilikuwa asilimia 11.1, na jirani yake Njombe asilimia 12.7. Nyuma ya takwimu hizo kuna kaya nyingi zilizozika baba, mama au wote wawili kabla dawa za kufubaza virusi hazijaenea, na kuna bibi na shangazi walioanza kulea upya.

Kwa hiyo kumlipia kijana wa Iringa vifaa vya shule ni suala la afya kama lilivyo la elimu.

Tafiti zinasema nini

Utafiti mkubwa zaidi kuhusu ufadhili wa watoto kupitia makanisa ulichapishwa mwaka 2013 na wachumi watatu, Bruce Wydick, Paul Glewwe na Laine Rutledge. Waliwafuatilia watu wazima 10,144 katika nchi sita, zikiwamo Kenya na Uganda. Baadhi yao walipokuwa watoto walifadhiliwa na shirika la Compassion, ambalo hufanya kazi kupitia makanisa ya mahali mtoto anapoishi.

Waliofadhiliwa walisoma zaidi kwa kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu kuliko wenzao. Uwezekano wa kumaliza sekondari ulipanda kwa pointi 12 hadi 18 za asilimia. Walipokuwa wakubwa, wengi zaidi walikuwa na ajira ya mshahara.

Watafiti walijiuliza kama ni pesa tu iliyofanya hivyo. Katika utafiti mwingine, uliofanyika Jakarta, Indonesia, watoto walipewa kalamu za rangi na kuambiwa wajichore. Picha za waliokuwa kwenye ufadhili zilionyesha furaha na matumaini zaidi kuliko za wale waliokuwa bado wanasubiri nafasi. Mtoto anayeamini kuwa kesho yake ipo husoma tofauti na yule aliyekwisha kukata tamaa.

Karibu na kwetu, mashariki mwa Zimbabwe, wasichana yatima wa vijijini walilipiwa ada na kupewa sare, na shuleni kwao akateuliwa mwalimu wa kike wa kufuatilia mahudhurio yao. Baada ya miaka miwili, kuacha shule kulikuwa kumepungua kwa asilimia 82 na kuolewa kwa asilimia 63, wakilinganishwa na wasichana ambao hawakupata msaada huo wote.

Magharibi mwa Kenya, utafiti uliohusisha shule 328 uligundua kuwa sare za bure peke yake zilipunguza utoro wa kudumu, mimba na ndoa za utotoni.

Sare tu! Mzazi anayedharau shati na sketi ya shule afikirie hilo.

Pale pesa inapoishia

Sasa sehemu ambayo haisemwi sana kwenye ibada ya kuwapokea wageni.

Huko Kenya, pamoja na mimba kupungua, sare peke yake hazikupunguza magonjwa ya zinaa. Huko Zimbabwe, wasichana walipofuatiliwa kwa muda mrefu zaidi na kupimwa damu, waliosaidiwa walikuwa wamesoma zaidi, lakini hakukuonekana tofauti katika maambukizi ya VVU.

Maana yake ni kwamba msaada ulimbakiza binti darasani na kumchelewesha kuolewa, lakini haukumpa maarifa ya kujikinga wala haukumwondolea hatari zote za njiani.

Mzazi wa Tanzania anazijua hatari hizo. Shule ya kata iko mbali, hosteli haipo au imejaa, basi mtoto wa miaka 14 anapangiwa chumba karibu na shule, geto. Analala huko Jumatatu hadi Ijumaa, anajipikia, hana mtu mzima wa kumuuliza amerudi saa ngapi. Mfadhili wa Minnesota hawezi kujua kuwa unga uliisha Jumatano na kuna bodaboda anayejitolea kununua mwingine. Hilo ni la kwako wewe mama, baba, bibi au mjomba.

Mambo matatu hayafadhiliwi na mtu wa mbali. La kwanza ni mazungumzo ya wazi kuhusu kubalehe, uhusiano, mimba na VVU, tena kwa watoto wa kike na wa kiume. La pili ni kujua mtoto analala wapi na nani anamwangalia. Kama ni lazima apange, tafuta nyumba yenye familia, na umwombe mama mwenye nyumba awe jicho lako. La tatu ni kumfuatilia shuleni. Piga simu kwa mwalimu wa darasa kabla ya matokeo, usisubiri kuitwa.

Kama mtoto anatumia dawa za kufubaza VVU, liongeze la nne: hakikisha ratiba ya dawa na siku za kliniki zinakwenda naye hadi shuleni, na kuna mtu mzima mmoja unayemwamini anayejua.

Msaada usiokutaka wewe

Kuna ufadhili wa aina nyingine ambao mzazi anapaswa kuuangalia kwa macho mawili: ule unaotaka mtoto aondoke nyumbani, akaishi kwenye kituo, ndipo asaidiwe.

Shirika la Save the Children lilieleza mwaka 2009 kuwa watoto wanne kati ya watano wanaoishi kwenye vituo duniani wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Wengi wamefika huko kwa sababu ya umaskini. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ulipitisha mwongozo unaosema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na familia yake.

Kitaalamu, madhara yanajulikana. Mjini Bucharest, Romania, watafiti waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakiishi kwenye vituo. Nusu walihamishiwa kwa familia za kambo zilizoandaliwa kuwalea, na nusu wakabaki katika malezi ya kawaida ya wakati ule. Waliohamia kwenye familia walipata maendeleo bora ya akili, hasa waliohama wakiwa wadogo zaidi, kabla ya kutimiza miaka miwili.

Kenya ilisimamisha kusajili vituo vipya vya watoto mwaka 2017, na mwaka 2022 ikazindua mkakati wa miaka kumi wa kurudisha malezi kwenye familia na jamii.

Hii haina maana kila kituo ni kibaya. Wapo watoto ambao nyumbani kwao hakuna usalama. Lakini kama mtoto wako anapendwa, na kinachokosekana ni sare na unga, basi msaada unaofaa ni sare na unga. Usaidizi wa usharika kwa usharika una faida hapa, kwa sababu mtoto anabaki anaitwa mwana wa fulani, na anarudi likizo kulima na wenzake.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini

Kuuliza si utovu wa shukrani. Mchungaji au kamati ya elimu ya usharika inayofanya kazi vizuri itafurahi ukiuliza haya:

Ufadhili unalipia nini hasa, na nini kinabaki kwangu? Wapo wanaolipia shule tu. Nauli, pedi, sabuni na dawa vinaweza kubaki mikononi mwako.

Ni wa muda gani, na ukikatika itakuwaje? Mwaka 2017 Compassion ililazimika kufunga kazi zake India kutokana na masharti ya serikali kuhusu fedha za kutoka nje, na zaidi ya watoto 140,000 wakakosa ufadhili ule. Usharika wa ng'ambo nao unaweza kupungua waumini. Kama unaweza, endelea kuweka kidogo kwenye kikoba au VICOBA, hata kama leo kuna anayelipa.

Pesa zinapitia wapi, na nani anatoa risiti? Njia nzuri ni ile inayopita kwenye ofisi ya dayosisi au usharika na kufika shuleni moja kwa moja, ikiwa na kumbukumbu ambazo mzazi anaweza kuziona.

Mwanangu amechaguliwa kwa vigezo gani? Vigezo vikiwa wazi, majirani hawatasema ni upendeleo.

Picha na historia yake zitatumikaje? Una haki ya kukataa picha inayomdhalilisha, au maelezo yanayotaja kuwa wazazi wake walifariki kwa UKIMWI. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na idhini kwa niaba ya mtoto ni ya mzazi au mlezi.

Mawasiliano na mfadhili yanakwendaje? Barua zipite ofisini. Mfadhili asiwe na namba ya simu ya mtoto wala kumwandikia kwa siri mtandaoni, hata awe mtu wa heshima kiasi gani. Mgeni akija kutembelea, mtoto asiachwe naye peke yake. Wafadhili makini wenyewe ndio wanaosisitiza kanuni hii.

Nyumbani pia kuna la kufanya

Mtoto mmoja akifadhiliwa kati ya wanne, wivu unaingia. Anaitwa mtoto wa mzungu, kwa utani unaochoma. Wadogo zake wanaona viatu vipya. Waambie mapema kwamba huyu akivushwa, mzigo wa nyumba unapungua kwa wote, na kile kilichookolewa kwake kionekane kwa wengine, hata kama ni madaftari tu.

Naye mfadhiliwa asilelewe kama mdeni. Kumwambia kila anapokosea kwamba "wazungu watakuacha" kunamjaza hofu, na mtoto mwenye hofu hatakuja kukuambia kuwa amefeli, amenyanyaswa au ana ujauzito. Mfundishe kushukuru kwa kuandika barua ya kweli: amepata alama gani, mvua imenyesha vipi, anaona ugumu wapi.

Akifeli, kaa naye kabla ya kamati kukaa. Akipata mimba, safari haijaisha: tangu Novemba 2021 Serikali inaruhusu wanafunzi waliojifungua kurudi katika mfumo rasmi wa shule. Waulize wafadhili kama wataendelea naye.

Ukiona au ukisikia mtoto anafanyiwa ukatili, awe wa kwako au wa jirani, piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto.

Usharika wa mbali unaweza kubeba upande mmoja wa mzigo, na ni jambo la kushukuru kwamba watu wasiotujua wanakubali kuubeba. Upande wa pili uko begani kwako, na huo hauhitaji dola: ni simu ya Jumatano jioni kumuuliza mtoto amekula nini, na nani yuko naye.