Safari ya 'bila viza' ina masharti yake

Kila msimu wa likizo unapobisha hodi, matangazo ya mawakala wa usafiri hujaa maneno mawili yanayowavutia wengi: 'bila viza'. Wapo Wakenya ambao huyasoma, wakalipia tikiti na hoteli kwa akiba ya mwaka mzima, kisha wakafika uwanja wa ndege na kuambiwa kwenye kaunta ya abiria kwamba hawataabiri. Wakati huo nauli imekwisha kulipwa na chumba kimekwisha kuhifadhiwa, na aghalabu fedha hizo hazirudishwi.

Mashirika ya ndege hayafanyi hivyo kwa ukatili. Kwa mujibu wa kanuni za kimataifa za usafiri wa anga, abiria anayekataliwa kuingia nchi fulani kwa kukosa hati hurudishwa na shirika lililomleta, na nchi nyingi hulitoza shirika hilo faini juu yake. Ndiyo sababu mtumishi wa kaunta huipekua pasipoti ukurasa baada ya ukurasa kuliko hata afisa wa mpakani.

Utata huanza pale mambo matatu yaliyo tofauti yanapoitwa kwa jina moja. Viza ni ruhusa inayotolewa na nchi ya kigeni baada ya kulichunguza ombi la msafiri, mara nyingi kupitia ubalozi. Idhini ya kusafiri ya kielektroniki ni hatua nyepesi zaidi: msafiri hujaza fomu kwenye mtandao, hulipa ada na kusubiri jibu kabla ya kuondoka kwao, hata kama raia wa nchi yake wamesamehewa viza. La tatu ni ruhusa ya kuingia, na hiyo hutolewa mpakani na afisa wa uhamiaji peke yake. Aliye na viza au idhini anaweza bado kuulizwa tikiti ya kurudi, mahali atakapolala na fedha za matumizi, na akishindwa kujibu akarudishwa alikotoka.

Kenya yenyewe ni mfano mzuri. Mnamo Januari 2024, serikali ilifuta viza kwa wageni wote na badala yake ikaleta idhini ya kielektroniki kwa ada ya dola 30 za Marekani. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawakuhitajika kuiomba. Hata hivyo, raia wa baadhi ya mataifa mengine ya Afrika ambao awali waliingia bila viza wala malipo walijikuta wakitakiwa kujaza fomu na kulipa. Malalamiko yao hayakuwa bure, kwani mwaka wa 2025 Kenya iliwaondolea hitaji hilo raia wa nchi nyingi za bara hili.

Visiwa vya Ushelisheli hufuata utaratibu unaofanana na huo. Hakuna mgeni anayedaiwa viza huko, lakini kila mgeni sharti awe na idhini ya kusafiri aliyoiomba kabla ya kupanda ndege. Mkenya anayesikia 'bila viza' akadhani atapigiwa tu mhuri akifika hukwama Nairobi.

Kwa majirani mambo ni mepesi zaidi. Tangu 2014, Mkenya anaweza kwenda Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haimo katika mpango huo, kwa hivyo anayekwenda kupunga upepo Zanzibar au Arusha anahitaji pasipoti, au hati ya muda inayotolewa na Idara ya Uhamiaji. Afrika Kusini nayo iliwafutia Wakenya viza kuanzia Januari 1, 2023, kwa ziara zisizozidi siku 90 kwa mwaka. Itakumbukwa kwamba kabla ya hapo safari ya Cape Town ilikuwa na usumbufu usio mdogo.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni chanjo ya homa ya manjano. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya maradhi hayo, na mataifa mengi hudai cheti kutoka kwa anayetoka huku. India, kwa mfano, yaweza kumtenga msafiri asiye na cheti kwa siku kadhaa. Cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kudungwa sindano, kwa hivyo anayekimbilia kituo cha chanjo siku tatu kabla ya safari amechelewa. Lakini kuna faraja: tangu Julai 2016, kanuni za Shirika la Afya Duniani zinakitambua cheti hicho kwa maisha yote ya mwenyewe.

Pasipoti pia ichunguzwe mapema. Nchi nyingi hutaka iwe na angalau miezi sita kabla ya kuisha, ingawa Afrika Kusini hutosheka na siku 30 baada ya tarehe ya kuondoka.

Safari ya Ulaya ndiyo yenye mafundo mengi. Eneo la Schengen lina nchi 29, na Mkenya huhitaji viza kuingia yoyote kati yazo. Ombi hupelekwa kwa ubalozi wa nchi atakakokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, huenda kwa ubalozi wa nchi atakayoingia kwanza. Anayeomba viza kwa nchi anayoiona kuwa rahisi, huku hoteli zake zote zikiwa kwingine, hujiharibia mwenyewe. Ombi laweza kuwasilishwa miezi sita kabla ya safari, wala lisipungue siku 15. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ombi likikataliwa. Bima ya safari sharti ifike yuro 30,000.

Baada ya kupewa viza, kosa jingine husubiri. Karatasi iliyobandikwa kwenye pasipoti ina tarehe mbili na idadi ya siku, navyo si kitu kimoja. Viza yaweza kuwa halali kuanzia Agosti 1 hadi Agosti 30, ilhali siku za kukaa ni 10 tu. Mwenye viza ya safari nyingi naye hufungwa na kanuni ya siku 90 ndani ya kila siku 180, ambapo siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa. Chukua mtu aliyekaa huko kuanzia Juni 1 hadi Julai 30, yaani siku 60. Akirejea Oktoba 1, amebakiwa na siku 30 pekee na sharti aondoke kufikia Oktoba 30. Zamani afisa aliyechoka angeweza kukosea akihesabu mihuri. Mfumo wa kielektroniki ulioanza kutekelezwa Oktoba 12, 2025 husajili uso na alama za vidole, na hesabu hufanywa na kompyuta.

Anayenyimwa viza ya Schengen hupewa sababu kwa maandishi na ana haki ya kukata rufaa.

Uingereza nayo ina idhini yake ya kielektroniki, lakini ni ya raia wa nchi zilizosamehewa viza. Kenya haimo. Mkenya anayeuziwa idhini hiyo kwenye mtandao ameibiwa mchana peupe, kwa kuwa anachohitaji ni viza ya mgeni.

Zaidi ya hayo, njia ya kupitia ina masharti yake. Barbados haidai viza kwa Mkenya anayekwenda kutalii. Lakini akipitia London, hata kama hatatoka nje ya uwanja wa ndege, kwa kawaida atahitaji viza ya Uingereza ya kupitia, isipokuwa awe na hati zinazomsamehe, kama vile viza halali ya Marekani au Canada. Iwapo ndege ya pili inaondokea uwanja mwingine, mathalani ameshuka Heathrow na anapandia Gatwick, itambidi apite kwa maafisa wa uhamiaji, na viza ya wasiotoka uwanjani haitamfaa.