Kwa nini ndege za kivita za Zero za Japani leo zinaruka kwa injini ya Marekani?

Januari 2016, ndege ya kivita aina ya Zero ilipaa kutoka Kanoya, kusini mwa Japani. Ni mahali ambapo marubani wengi wa kamikaze waliondokea wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wakienda kufa.

Kwa macho, kila kitu kilikuwa kama zamani: mabawa, rangi, duara jekundu la jua. Lakini iliyokuwa ikinguruma puani haikuwa injini ya Kijapani. Ilikuwa Twin Wasp ya kampuni ya Pratt & Whitney ya Marekani, adui yuleyule ambaye Zero zilipigana naye.

Wala haikuwa injini mpya. Kiwanda kiliacha kuitengeneza mwaka 1951.

Kama unatoa injini isiyotengenezwa tena, kwa nini uweke nyingine ambayo nayo haitengenezwi?

Injini ya asili ilikwenda wapi?

Zero ilibuniwa na Mitsubishi na kuruka kwa mara ya kwanza Aprili 1939. Zaidi ya 10,000 zilitengenezwa. Injini yake, Sakae, ilitoka kampuni nyingine iitwayo Nakajima.

Japani iliposalimu amri mwaka 1945, utengenezaji wa ndege ulipigwa marufuku na Nakajima ikavunjwa. Baadhi ya vipande vyake viliungana tena mwaka 1953 na kuwa Fuji Heavy Industries, ambayo leo inaitwa Subaru. Ndiyo, hiyohiyo ya magari unayopishana nayo barabarani.

Tangu hapo Sakae haina kiwanda na spea zake hazipo sokoni. Zero kadhaa zinazoruka leo zilianza kama mabaki yaliyookotwa katika visiwa vya Pasifiki, yakiwa yamelala kwenye mvua na chumvi kwa miongo kadhaa.

Bodi ya ndege inafufulika. Mafundi hukata bati jipya la aluminiamu na kulipiga ribiti. Injini ni habari nyingine. Kranki yenye ufa usioonekana kwa macho inaweza kukatika ghafla angani, na Zero ina injini moja tu. Ikizima, rubani hana ya akiba.

Kwa nini Twin Wasp?

Sababu ya kwanza ni kufanana. Zote mbili zina silinda 14 zilizopangwa kwa duara, safu mbili. Sakae ina ujazo wa karibu lita 28, Twin Wasp lita 30. Sakae ilitoa nguvu farasi kati ya 940 na 1,130 kutegemea toleo, na Twin Wasp hutoa takriban 1,200. Kwa hiyo ndege haipewi mzigo wala nguvu ambazo mwili wake haukuundwa kuzibeba.

Sababu ya pili ndiyo nzito zaidi: spea. Twin Wasp zaidi ya 170,000 zilitengenezwa. Ziliendesha ndege za mabomu za B-24, ndege za majini za Catalina, na Dakota zisizohesabika. Hata Afrika Mashariki zilisikika, maana shirika la East African Airways lilikuwa na Dakota zake.

Dakota nyingine zinaruka mpaka leo. Ndiyo maana bado kuna karakana zenye vipuri, vitabu na mafundi wanaoijua injini hii ndani nje. Wanajua joto gani ni la kawaida na mlio gani ni wa hatari. Kwa rubani, ujuzi huo una thamani kuliko upya wa chuma.

Na injini ya kisasa? Viwanda vikubwa viliachana na injini kubwa za pistoni na kuhamia jeti. Zipo injini za tabini zenye nguvu hiyo, lakini ni nyepesi mno. Ukiifunga kwenye pua ya Zero, mkia unakuwa mzito na ndege inapoteza mizani.

Si kufungua nati na kufunga nyingine

Hata injini inayofanana haiingii hivihivi. Twin Wasp ni pana kidogo kuliko Sakae, kwa hiyo kava la mbele linabidi lirekebishwe. Fremu inayoshikilia injini hutengenezwa upya, na mabomba ya mafuta, oili na moshi hupitishwa njia nyingine. Pangaboi nalo lazima liendane na injini.

Kisha ndege hupimwa uzito upya, kwa sababu kilo chache zikiongezeka puani zinabadilisha namna inavyopaa na kutua. Injini huwashwa chini kwanza. Kuruka ni mwisho kabisa.

Mamlaka nazo zina neno. Nchini Marekani, ndege za aina hii kwa kawaida hupewa cheti cha kundi la majaribio, kwa ajili ya maonyesho. Si cheti cha kubebea abiria wa biashara.

Jambo hili lina historia

Hispania ilikutana na tatizo kama hili mapema. Ilikuwa ikiunda ndege za Kijerumani za Messerschmitt 109, lakini Ujerumani ikashindwa kuipatia injini. Katika miaka ya 1950 ikafunga Merlin ya Rolls-Royce, injini iliyoendesha Spitfire za Waingereza, mahasimu wakubwa wa ndege hiyo. Mwaka 1969 ndege hizo zilionekana katika filamu ya Battle of Britain, zikiigiza kuwa za Wajerumani.

Kinachopotea ni nini?

Ni mlio, na sehemu ya ukweli. Katika jumba la makumbusho la Planes of Fame huko Chino, California, ipo Zero iliyotekwa Saipan mwaka 1944. Ndiyo pekee inayojulikana kuweza kuruka kwa Sakae yake ya asili. Lakini kila saa inayokaa hewani inakula chuma kisicho na mbadala. Kikivunjika kitu, hakuna pa kuagiza. Ni kukichonga upya.

Wenye Zero nyingine wamechagua njia tofauti: mwili wa Kijapani, moyo wa Kimarekani, na rubani anayerudi nyumbani.

Hata hivyo, suluhisho hilo lina mwisho wake. Akiba ya Twin Wasp haiongezeki. Dakota ikistaafu, injini zake zinaweza kutoa spea kwa miaka kadhaa, lakini sababu moja ya karakana kuendelea kuwepo inakuwa imeondoka. Zikifungwa zote, Twin Wasp itakuwa pale ilipo Sakae leo.