KINGA ZA MASHINE VIWANDANI

Hatari kubwa ya mashine ipo pale mkanda unapokutana na gurudumu, meno ya gia yanapoumana, au magurudumu mawili ya kukamulia miwa yanapoupokea muwa. Sehemu hizo huvuta ndani kila kinachozigusa, ikiwa ni mkono wa kanzu, ncha ya kanga au kidole. Mtu hawahi kujinasua; ndiyo maana hadhari peke yake haitoshi.

Kinga ni kifuniko cha bati au wavu wa chuma unaofungwa imara ili mkono usiifikie sehemu ya hatari. Wavu una faida ya ziada, kwani fundi huweza kuutazama mkanda bila ya kuufungua. Matundu yake yawe madogo. Yakiwa makubwa, wavu uwekwe mbali zaidi.

Mkataba Namba 119 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1963, unakataza mfanyakazi kutumia, au kulazimishwa kutumia, mashine ambayo kinga yake haipo mahala pake. Zanzibar nayo ilitunga Sheria Namba 8 ya mwaka 2005 ya Usalama na Afya Kazini.

Aghlabu kinga huondolewa wakati wa kusafisha au kutia grisi, kisha ikasahauliwa. Hivyo basi, kabla ya kuifungua, swichi kuu izimwe na kutiwa kufuli, na ufunguo akae nao fundi mwenyewe. Mashine isiwashwe mpaka kinga irejeshwe. Kazi iliyochelewa hufidiwa kesho. Kiungo kilichokatika hakifidiki.