Upepo wa Tairi Haupimwi kwa Teke

Msomaji wa Unguja au Pemba atakapoliona jina la Tunduma katika safu hii huenda akauliza mji huo wa mpakani unamhusu nini, yeye ambaye safari yake ndefu kabisa kwa motokaa ni ya kutoka Mkoani hadi Konde, au ya kutoka Mjini hadi Nungwi. Jibu letu ni kwamba tulikwenda Tunduma kwa shughuli za kazi, tukarudi na somo ambalo tungeliweza kulipata barazani petu bila ya kwenda zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, lau tungelikuwa na desturi ya kupima.

Tunduma umo katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016 na kuwekewa makao makuu yake Vwawa. Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, nchini Zambia. Mji huu, kwa hakika, umejengwa juu ya matairi. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wa haramu tarehe 11 Novemba 1965, njia ya Zambia ya kusini iliingia katika mashaka, na mafuta ikabidi yapakiwe katika malori Dar es Salaam na kupelekwa huko kwa barabara iliyokuwa sehemu kubwa ya udongo, vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika. Bomba la mafuta la TAZAMA likaja mwaka 1968, barabara ikatiwa lami, na mwaka 1976 reli ya TAZARA ikakabidhiwa kwa wenyewe. Hata hivyo malori hayakuondoka. Leo hii shaba ya Zambia na ya Kongo hushuka kwa njia hiyo hiyo, na bidhaa za bandarini hupanda, na ingawa kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa mwezi Oktoba 2019, foleni ya malori bado ni jambo ambalo mgeni wa Tunduma hulikuta kabla ya kuukuta mji wenyewe.

Tuliingia Tunduma jioni, mwezi wa Julai, katika motokaa ndogo ya Kijapani tuliyoazimwa na jamaa Dar es Salaam. Dereva wetu, mtu mwangalifu, alipita kwenye kibanda cha fundi pancha ili matairi yatazamwe. Kijana akachomeka geji yake, ikasoma 39. Kibandiko kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva kilisema kilopaskali 220, ambazo ni sawa na pauni 32 kwa inchi ya mraba. Kijana akatoa hukumu kwamba upepo umezidi, na kwamba tairi lililozidi upepo hupasuka. Akayapunguza yote manne hadi 32, nasi tukamlipa na kumshukuru.

Asubuhi yake baridi ilikuwa ya kutetemesha, baridi ambayo mtu wa visiwani haiamini mpaka aionje. Gari lilionekana limekaa chini kidogo. Dereva akalizunguka, akapiga teke tairi moja, akasema zima. Tunakiri kwamba sisi nasi tu miongoni mwa wapiga mateke. Tumeyapiga matairi miaka mingi na kujiona mafundi. Lakini mwenyeji wetu, wakala wa forodha, alitoka nyumbani na kifaa kidogo kisichozidi urefu wa kiganja na nusu, akakiunganisha kwenye valvu, na namba ikajitokeza: 26. Tairi la pili 26, la tatu 25, la nne 26.

Hakuna aliyetuibia upepo usiku. Kijana wa kibandani hakuwa mwongo wala geji yake haikuwa mbovu. Kosa lilikuwa la saa ya kupima. Tairi lililotoka kukimbia mchana kutwa huwa la moto, na hewa iliyomo ndani ikipata moto husukuma kwa nguvu zaidi. Isitoshe, tulikuwa tumepanda kutoka pwani hadi nyanda za juu, ambako hewa ya nje ni hafifu. Na kwa kuwa geji hupima tofauti ya nguvu kati ya hewa ya ndani na ya nje, nayo husoma juu zaidi. Ile 39 ilikuwa ni 32 ile ile tuliyoijaza Dar es Salaam, imeongezwa joto na mlima. Lau tusingeliigusa, baridi ya asubuhi ingeliishusha yenyewe, na tungeliamka na 32 kasoro kidogo. Tulichofanya ni kutoa upepo uliokuwa wa haki, tukabaki na upungufu. Kila mtengenezaji wa magari anapoandika kiasi cha upepo mlangoni huwa anakusudia tairi la baridi, yaani gari lililosimama kwa muda wa saa tatu au zaidi, au lililotembea mwendo mfupi tu. Kwa hesabu ya jumla, kila joto likishuka kwa nyuzi 10 za Selsiasi, tairi la gari dogo hupoteza kama pauni moja au zaidi kidogo.

Huenda mtu akasema pauni sita ni kitu gani. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja ubavuni kila linapozunguka, na kukunjika huko huzaa joto, na joto hilo, kwa mwendo wa kasi, mzigo mzito na jua kali, hudhoofisha gundi inayozishika tabaka za mpira na nyaya. Ndipo kipande cha tairi huchomoka bila ya taarifa. Sisi tulikuwa tunarudi siku hiyo hiyo kwa njia ya Mbeya na Iringa, na mbele yetu ulikuwapo mteremko wa Kitonga, ambao waliowahi kuupita nyuma ya lori lenye mzigo hawahitaji kuelezwa.

Wala namba hiyo ya 26 si ngeni katika historia ya matairi. Mwaka 2000 kampuni ya Firestone ilirejesha kiwandani mamilioni ya matairi nchini Marekani, mengi yake yaliyofungwa kwenye gari aina ya Ford Explorer, baada ya tabaka za matairi hayo kubanduka njiani na kuua watu zaidi ya 200. Kampuni ya Ford ilikuwa imewashauri wenye magari hayo wajaze pauni 26. Firestone baadaye ikataka ziwe 30. Makampuni hayo mawili yakarushiana lawama mbele ya Bunge la nchi yao. Kilichotoka humo ni sheria, na kwa sheria hiyo magari madogo yote mapya nchini humo tangu Septemba 2007 sharti yawe na taa ya kumwonya dereva upepo unapopungua. Ulaya nayo ikafuata kwa magari mapya yote mwaka 2014. Lakini magari yaliyotumika yanayoshushwa katika bandari zetu hutoka Japani, ambako sharti hilo halikuwekwa, na aghalabu hayana taa hiyo. Kwetu sisi, taa ni jicho la mwenye gari, na jicho, kama ulivyoona pale Tunduma, halitofautishi 32 na 26.

Basi hapa ndipo kile kifaa cha wakala wa forodha kinapopata maana. Ni pampu ya upepo inayotumia betri. Ndani yake mna betri ya lithiamu ya jamaa moja na ile ya simu ya mkononi, mota ndogo, pistoni ya kusukuma hewa na geji ya namba. Mtu huchagua kiasi anachotaka, hufunga bomba kwenye valvu na kubonyeza. Kikifika kiasi hicho, kifaa husimama chenyewe. Kuyatoa matairi yetu manne kutoka 26 hadi 32 kulichukua muda wa kunywa kikombe cha chai, tena chai ya moto. Hakikuhitaji waya wa umeme wala injini kuwashwa. Tuliokuwapo Unguja tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kilipokaa bila ya umeme kwa miezi mitatu, tunajua kitu kisichongojea umeme wa ukutani kina thamani gani.

Yafaa pia tuseme kisichowezekana. Wakati tunahangaika, dereva wa lori moja lililokuwa kwenye foleni alijitolea kutusaidia. Malori hayo yana mtungi wa hewa kwa ajili ya breki, wenye nguvu ya baa nane au zaidi, na madereva wazoefu huvuta bomba kutoka humo na kujaza matairi yao popote walipo. Nguvu ilikuwapo tele. Kilichokosekana ni kipimo, kwani bomba lake halikuwa na geji. Naye alipokiona kile kifaa kidogo akakicheka, na alikuwa na haki ya kucheka. Tairi la lori hutaka zaidi ya pauni 100, na ukubwa wake ni mara nyingi ya tairi la gari dogo. Kifaa hiki kingepata moto na kufa kabla ya kulifikisha popote. Hata kwa gari dogo hakifai kuendeshwa mfululizo. Maelezo yake mengi humtaka mtumiaji akipumzishe kila baada ya dakika kumi au kumi na tano.

Tena si tiba ya pancha. Tairi lenye msumari litajaa na litapungua tena, na fundi pancha bado ndiye mwenye kazi yake. Tunalisema hili kwa sababu wapo watakaodhani tunataka kuwanyang'anya vijana riziki. Na tairi lililotembezwa likiwa bapa kabisa, hata kwa mwendo mfupi, lisijazwe kabla fundi hajalifungua na kulitazama ndani, kwani ubavu uliokwisha kusagika unaweza kupasuka usoni mwa anayelijaza. Kwa rimu za malori zile zenye pete hatari hiyo ni kubwa mno, na fundi ajuaye kazi hulitia tairi ndani ya kizimba cha chuma kwanza.

Kwa hali ya visiwani mambo mawili yaangaliwe. La kwanza ni jua. Gari lililofungwa vioo uwanjani huwa tanuri, na betri ya lithiamu haipendi tanuri. Kifaa kiwekwe ndani ya nyumba, kichajiwe kila baada ya miezi michache hata kama hakikutumika. La pili ni magari yanayolala. Pemba hasa, wapo wenye magari ambao wenyewe wako Unguja, Dar es Salaam au Maskati, na gari hukaa chini ya mwembe wiki baada ya wiki. Tairi zima kabisa hupoteza pauni moja hivi kwa mwezi kwa kupenyeza tu. Siku mwenyewe anaporudi kwa ajili ya sikukuu, hulipakia jamaa saba na kuelekea Wete, bila ya kutazama chini.

Sasa tuwageukie waheshimiwa watendaji. Magari ya Serikali hupewa mafuta kwa hati, na kila lita huandikwa. Upepo hauandikwi popote. Kwa makisio ya Serikali ya Marekani, kila pauni moja inayopungua katika matairi yote huongeza matumizi ya petroli kwa takriban asilimia 0.2. Ni kidogo, hatukatai, na hatutaki kukuza jambo. Lakini tairi linaloliwa pembeni zote mbili huku katikati likiwa jipya, alama ya wazi ya upepo pungufu, ni fedha za kigeni zinazobanduka barabarani. Tungependa kuona kila idara inanunua pampu moja ya aina hii kwa magari yake madogo, na daftari la safari linaongezewa mstari mmoja wa kuandikwa upepo wa matairi manne na la akiba, kila Jumatatu asubuhi kabla ya injini kuwashwa. Asubuhi, tunakariri, wala si adhuhuri gari linaporudi kutoka bandarini.

Na kwa kuwa vifaa hivi huingia nchini vya kila namna, vingine vikiwa na geji zinazosema zitakalo, Shirika la Viwango Tanzania na mwenzake wa Zanzibar wangefanya jambo jema kuvitazama kabla havijajaa madukani. Vilevile geji za vibandani zingefaa kulinganishwa mara kwa mara na geji ya kuaminika, kama inavyofanyiwa mizani ya sokoni. Mnunuzi naye, kwa sasa, alinganishe kifaa chake na geji mbili nyingine kabla ya kukiamini.

Tuliporudi Unguja tulinunua kimoja. Asubuhi ya pili, kabla jua halijapanda ukuta, tulilipima gari letu wenyewe, lile tulilokuwa tukilisifu kwa utulivu wake barabarani. Mbele lilisoma 29 na 24. Nyuma 31 na 22. Tairi la akiba, ambalo hatukupata kulitazama tangu gari liliposhushwa bandarini Malindi, lilisoma 11.