Kwa nini nyumba za mradi zinafanana, na bado tunazitamani

Kwetu Lushoto hakuna nyumba mbili zinazofanana. Mlima ndio unachora ramani: unachonga kiwanja kwenye mteremko, unajenga panapokubali, na njia yako inapita uani kwa jirani. Mwaka juzi jirani yetu alipanua jiko, njia ikafa. Bibi alipozidiwa usiku, tulimzungusha kwa machela kupitia migombani hadi barabarani. Alipona, ila hapo ndipo nilielewa watu wa Fumba Town kule Zanzibar wanalipia nini.

Nyumba za mradi zinafanana kwa sababu ya hela. Ramani moja ikirudiwa, mafundi wanaizoea, vifaa vinanunuliwa kwa jumla, gharama inashuka. Levittown, karibu na New York, ilianza hivyo mwaka 1947. Lakini mkazi hanunui kufanana. Ananunua uhakika: barabara, maji na mitaro vimeamuliwa kabla ya tofali la kwanza, na jirani hawezi kujenga juu ya njia.

Ila mpango huohuo huamua pia nani asiingie. Levittown iliwazuia watu Weusi kwa mkataba. Kwetu bei peke yake inatosha kumzuia bibi yangu.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaosoma mipango miji, msituletee nyumba za kufanana Usambara. Ziacheni zifuate mlima. Tusaidieni kitu kimoja tu: njia zichorwe kwenye ramani ya kijiji kabla mtu hajapanua jiko.