Mtoto anataka gitaa la jukwaani? Soma hapa kabla hujatoa pesa

Vijana wengi wa Uru hujifunzia gitaa kwenye kwaya, tena kwa chombo cha kuazima. Shida huanza kijana anapoomba la kwake, tena lile la kuchomeka kwenye spika, kwa sababu amependa bluzi na anataka kuipiga mbele ya watu. Anaitaka Desemba, ndugu wanaporudi nyumbani na sherehe zinapofuatana. Mzazi naye anawaza ada ya Januari.

Ombi hilo si anasa moja kwa moja. Bluzi ilizaliwa kwa Wamarekani weusi wa kusini mwa Marekani, na wengi wao walipiga gitaa kavu tu. Huku kwetu, Mwenda Jean Bosco wa Katanga alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 akiwa na gitaa kavu na vidole vyake, na muziki wake ukavuka mipaka. Gitaa la kawaida linatosha, mradi liwe zima na linafaa kazi yake.

Ni gitaa gani hasa?

Anachotaka ni gitaa kavu, galatoni kama wazee wanavyoliita, lililofungwa pikapu ndani. Pikapu hunasa mtikisiko wa nyuzi, kisha kifaa kidogo kinachotumia betri huikuza sauti kabla haijafika kwenye mikisa. Umeme ukikatika, mtoto anaendelea kupiga bila spika. Gitaa la umeme tupu haliwezi hivyo.

Bluzi hutaka nyuzi za chuma. Usinunue gitaa la nyuzi za nailoni kwa nia ya kulifunga za chuma baadaye. Za chuma huvuta kwa nguvu zaidi na zinaweza kung'oa daraja au kupinda shingo.

Mambo matano ya kukagua dukani

*Urefu wa nyuzi.* Kwenye freti ya 12, nyuzi ziwe juu ya freti kwa milimita 2 hadi 3 hivi. Zikiwa juu sana, vidole huuma na mtoto huacha mazoezi. Wengi huambiwa hawana kipaji, kumbe gitaa ndilo gumu.

*Shingo.* Litazame kutoka kichwani kuelekea kwenye daraja. Likiwa limejipinda waziwazi, rudisha.

*Daraja.* Likianza kubanduka kwenye mbao, ondoka, hata bei ikiwa nzuri.

*Sauti ya spika.* Usikubali kulisikiliza kavu tu. Lichomeke, zungusha vitufe vyote, tikisa waya taratibu. Likikwaruza au kukatika, soketi ina tatizo.

*Mluzi.* Ongeza sauti ukiwa karibu na spika. Gitaa kavu huvuma kwa sababu mbao zake hupokea tena sauti ya spika. Gitaa lenye mwili mwembamba, kama Yamaha APX600, hupunguza tatizo hilo. Kifuniko cha mpira cha tundu la sauti nacho husaidia.

Pesa iende wapi?

Usimalize bajeti yote kwenye gitaa. Tenga ya waya, begi, nyuzi za akiba, betri na fundi wa kurekebisha nyuzi. Nyuzi nyepesi, za namba 10 au 11, humrahisishia mtoto kuzivuta ili noti ilie, na bluzi bila mlio huo haijakamilika.

Gitaa lenye uso wa mbao tupu, kama Fender CD-60SCE, hutoa sauti nzuri zaidi likipigwa kavu. Lakini likiwa ni la jukwaani, plaiwudi si dhambi: huvumilia mabadiliko ya hewa. Kwa mtumba, nenda na mwalimu wa kwaya au mpigaji mwingine. Kama mtoto ana miaka kumi hivi, uliza saizi ya robo tatu.

Kama tayari ana gitaa kavu zuri, usinunue jingine. Pikapu ya kubandika kwenye tundu la sauti inagharimu kidogo zaidi na inatosha kumpeleka jukwaani.

Kulitunza Uru

Ukungu na mvua za Machi hadi Mei huvimbisha mbao, na joto la Moshi mjini huzikausha. Likae ndani ya begi, mbali na moshi wa jiko, wala lisiachwe kwenye gari lililoegeshwa juani. Akimaliza kupiga, achomoe waya: kwenye magitaa mengi, waya ukibaki umechomekwa betri inaendelea kuliwa.

Kabla ya kulipa, kubalianeni jambo moja nyumbani: dakika 20 za mazoezi kila siku, baada ya masomo. Bluzi ya kuanzia ina kodi tatu tu ndani ya baa 12. Anayezishika kwa gitaa la kuazima mpaka Desemba ameshakuonyesha kwamba pesa yako haitalala chini ya kitanda.